Anayesikiliza Asiwe Anayetoa Alama: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Chuo cha Theolojia

Kwa:
Mkuu wa Chuo,
Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Chuo,
Kamati ya Malezi na Uteuzi wa Watumishi.

YAH: WANACHUO WANAOKWEPA HISIA ZAO, NA NAFASI YA USHAURI NASAHA

Waheshimiwa baba na mama zangu katika imani,

Nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo.

Mimi ni mchungaji ninayewapokea wanachuo wenu wanapokuja kwa mafunzo ya vitendo. Nimewahi kuiandikia ofisi ya Mkuu, nikajibiwa kwamba suala langu “linafanyiwa kazi”. Nimezungumza na mlezi wa wanachuo, akaniambia tuombe. Tumeomba. Mwaka mwingine wa masomo umeisha, kundi jingine limewekewa mikono, na utaratibu ni uleule. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Jina la chuo nimeliacha makusudi, kwa kuwa sitafuti kukiaibisha, na kwa kuwa wachungaji wenzangu wanaosimamia wanafunzi wa vyuo vingine wananisimulia mambo yaleyale.

Lalamiko langu ni moja, ingawa nitalieleza kwa vipengele. Mnawalea watumishi wasioweza kukaa na huzuni, hofu wala hasira yao wenyewe, kisha mnawatuma wakakae na za wengine. Na ushauri nasaha, ambao ungewasaidia, mmeuweka mahali ambapo mwanachuo mwenye busara hathubutu kuusogelea.

1. Kila taarifa ni ya ushindi

Mwanachuo akifika kwangu namuuliza habari za nyumbani, za masomo, na za moyo wake. Za nyumbani na masomo nazipata. Za moyo najibiwa “Namshukuru Mungu”, “Bwana ni mwema”, basi. Ni maneno ya kweli, na mimi mwenyewe huyatamka, lakini yakitolewa haraka namna ile najua mazungumzo yamefungwa. Taarifa zao za wiki nazo ni hivyohivyo: nilitiwa nguvu, nilivuka, nilishinda. Hakuna anayeandika kwamba aliogopa wodini, au kwamba alimkasirikia mzee wa kanisa aliyemdharau mbele ya watu.

Mmoja wao alimzika baba yake katikati ya muhula. Alirudi upesi, na Jumapili iliyofuata akahubiri juu ya furaha. Kanisa lilishangilia, na katika ibada ya chuo mlimtaja kuwa mfano wa imani. Baada ya miezi kadhaa alikuwa halali usiku, anawafokea watoto wa shule ya Jumapili, na akitumwa kwenda kumwona mgonjwa hakosi udhuru. Tabia hiyo ilipoandikwa kwenye taarifa yake iliitwa uvivu. Hakuna aliyeihusisha na kaburi la baba yake.

Sisemi kila anayehubiri baada ya msiba anakwepa. Wapo ambao kazi huwatuliza kweli. Lakini anayeomboleza anaweza kulitaja jina la marehemu na kueleza walivyoishi naye. Huyu, baba yake alipotajwa, alianza kuniuliza ratiba ya juma.

2. Hisia iliyozimwa haijaondoka

Hili halitegemei maoni yangu. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu waseme kwa sauti kila kinachopita akilini kwa dakika tano, ila wasimfikirie dubu mweupe. Akiwajia, wapige kengele. Kengele zililia tena na tena. Na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, wale waliokuwa wamejizuia walimfikiria zaidi kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Mwaka 1993 James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu ya kuchukiza na kuwaagiza baadhi yao wasionyeshe chochote. Nyuso zilitulia kweli, lakini walichokihisi hakikupungua, na baadhi ya vipimo vya mwili vilionyesha kwamba ndani mwili ulikuwa ukifanya kazi ya ziada.

Steven Hayes, mwanasaikolojia wa Marekani, amefanya kazi kwa miaka mingi juu ya jambo hili hasa: mtu kukimbia mawazo na hisia zake hata pale mbio hizo zinapomwumiza. Kinachoufanya ukwepaji uwe mgumu kuachwa ni kwamba hulipa papo hapo. Ukibadilisha mazungumzo, kifua kinapoa. Ukijaza ratiba, usiku unapita. Madhara yanakuja baadaye, na yakija hayafanani na chanzo chake: ni hasira za ghafla, maumivu ya kichwa, kutojali watu, au siri inayotafutiwa faraja mahali pasipofaa. Kwa mwanachuo wa huduma malipo ni maradufu, kwa sababu pamoja na nafuu hiyo ya haraka anapata na sifa. Anaitwa mtu wa imani.

Na lugha ya kiroho ndiyo maficho bora kuliko yote, kwa kuwa hakuna anayethubutu kuihoji. Msije mkadhani hili ni shutuma la watu wa nje dhidi ya Wakristo. Mwanasaikolojia John Welwood, aliyeanza kulieleza mwaka 1984 kwa jina la Kiingereza “spiritual bypassing”, alikuwa akiwatazama wenzake waliofuata mazoea ya Kibuddha, ambao walitumia mambo ya rohoni kuruka juu ya majeraha ambayo hawajayagusa. Dini yoyote inaweza kutumiwa hivyo. Yetu pia.

3. Anayekimbia machozi yake hukimbia na ya wengine

Hapa ndipo kanisa linapoumia, na hapa ndipo mimi kama msimamizi ninapoona kwa macho yangu.

Mpelekeni mwanachuo wa namna hii kwa mama aliyefiwa na mtoto. Ataingia, atasalimu, atakaa ukingoni mwa kiti. Mama akianza kulia, atafungua Biblia kabla mama hajamaliza sentensi. Atasoma, ataomba kwa sauti kubwa, ataaga. Kwenye taarifa ataandika kwamba familia ilifarijika. Nikirudi baadaye peke yangu, mama ananiambia: “Kijana wenu ni mzuri, ila alikuwa na haraka.” Hakuwa na haraka ya kwenda popote. Kilio kile kiligusa kitu chake mwenyewe ambacho hakuwahi kupewa ruhusa ya kukitazama, naye akakifunika kwa chombo alichokuwa nacho mkononi, ambacho kwa bahati mbaya kilikuwa Neno la Mungu.

Mwaka 2003 Emily Butler na wenzake walichapisha utafiti uliowakutanisha wanawake wawili wawili wasiofahamiana. Walitazama filamu ya kuhuzunisha kisha wakazungumza juu yake. Katika baadhi ya jozi, mmoja aliagizwa kwa siri afiche hisia zake. Shinikizo la damu lilipanda hata kwa yule mwenzake ambaye hakuwa na habari yoyote. Mkisoma jambo hilo mkiwa na mgonjwa wenu akilini, mtaelewa kwa nini baadhi ya ziara za kichungaji huwaacha watu wamechoka kuliko zilivyowakuta. Mtume hakuagiza tuwatulize waliao. Aliandika, “Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao” (Warumi 12:15).

4. Anayesikiliza ndiye anayeandika ripoti

Kama mtasoma kipengele kimoja tu cha barua hii, naomba kiwe hiki.

Mnasema ushauri nasaha upo chuoni. Upo, kwenye karatasi. Mshauri mwenyewe ni mlezi wa wanachuo, ambaye pia anafundisha, anasahihisha mitihani, na anakaa kwenye kamati inayoamua nani awekewe mikono na nani asubiri. Fomu anayojaza kila mwisho wa muhula ina sehemu ya “hali ya kiroho”. Sasa niambieni, mwanachuo anayeamka usiku moyo unamdunda, au anayehisi kwamba maombi yake hayaendi popote, akamweleze huyo?

Yuko mmoja aliyejaribu. Alikwenda kwa nia njema, akaeleza hofu yake ya kusimama mbele za watu na mambo ya utotoni yaliyoambatana nayo. Kwenye taarifa ya muhula maneno yakatoka hivi: “Hajatulia kiroho, aendelee kuangaliwa.” Bweni lote lilijua kabla ya jioni. Tangu siku hiyo, wanachuo wenyewe wananiambia, wanaoenda kwenye ofisi ile ni waliotumwa.

Sidhani mlezi ni mtu mbaya. Amepewa vyeo viwili visivyopatana. Na hili wenzetu wamelijua zamani. Sisi si Wakatoliki, lakini Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 240, inasema wazi kwamba katika kuamua nani apewe daraja au nani aondolewe seminari, maoni ya mlezi wa kiroho na ya waungamishi (mapadre wanaosikiliza maungamo) hayawezi kuombwa kamwe. Mwelekezi anayeijua dhamiri ya kijana anazibwa mdomo kisheria ili kijana aweze kuufungua wake. Na mwongozo wa Vatikani wa mwaka 2008 kuhusu matumizi ya saikolojia katika malezi ya mapadre unataka ridhaa ya mhusika, iliyo huru na yenye kuelewa anachokubali. Mtu anaweza kutokubaliana nao katika mengi ya mafundisho na bado akajifunza hapo.

Bila utengano huo, kuongeza vipindi vya ushauri ni kuongeza vipindi vya kujificha. Mwanachuo atajifunza kulia kiasi kinachokubalika, na kutoa ushuhuda wa jeraha ambalo tayari limepona.

5. Maandiko yanafundishwa nusu

Kwa ufupi, kwa kuwa ninyi ni walimu wangu katika hili. Karibu theluthi moja ya zaburi zote 150 ni maombolezo. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila kugeuka. Yeremia aliilaani siku aliyozaliwa. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba alilemewa hata akakata tamaa ya kuishi. Bwana mwenyewe alisema, “Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa” (Mathayo 26:38), tena aliwaambia wanafunzi, watu ambao walikuwa hawajakomaa na ambao walilala usingizi. Nimepitia ratiba ya mahubiri ya mazoezi ya wanachuo. Hakuna hata andiko moja kati ya haya.

Najua mtakalojibu

Mtasema maombi yanatosha. Eliya aliomba afe, chini ya mretemu, na Mungu hakumjibu kwa hotuba. Alimwachia alale, akampa mkate na maji, akamwachia alale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, na ndani yake Eliya aliulizwa swali na kuachwa aseme yote, mara mbili. Kenneth Pargament, ambaye amechunguza kwa muda mrefu jinsi waumini wanavyokabili shida, anatofautisha kumwachia Mungu kila kitu huku umekaa, kutegemea nguvu zako peke yako, na kufanya kazi pamoja na Mungu. Ushauri nasaha unakaa vizuri kabisa katika hiyo ya tatu.

Mtasema “Furahini katika Bwana sikuzote” ni amri. Ni amri, na imo katika barua ileile ambamo mwandishi anakiri kwamba Epafrodito angekufa, yeye angepata huzuni juu ya huzuni (Wafilipi 2:27), na ambamo anaandika habari za watu fulani kwa machozi (3:18).

Mtasema saikolojia ni mambo ya dunia yaliyopenyezwa kanisani. Mafunzo ya kichungaji ya hospitalini, ambayo leo yanafuatwa na vyuo vingi vya theolojia duniani, hayakuletwa na wapinga imani. Yanatokana kwa sehemu kubwa na Anton Boisen, mhudumu wa Injili ambaye mwaka 1920 alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili, akatoka, na mwaka 1925 akawapokea wanafunzi wachache wa theolojia katika Hospitali ya Worcester, Massachusetts, alikokuwa kasisi. Alitaka wawasome watu walio hai kwa makini yaleyale waliyoyatumia kusoma vitabu. Moja ya mazoea ya mafunzo hayo ni mwanafunzi kuandika mazungumzo yake na mgonjwa neno kwa neno, kisha kuyapitia na msimamizi na wenzake: hapa ulibadilisha mada, ulihisi nini? Hakuna uzushi katika swali hilo.

Mtasema tutawafanya wawe wanyonge. Charles Spurgeon, mhubiri mashuhuri wa Uingereza, alikuwa na umri wa miaka 22 Oktoba 1856 mtu alipopiga kelele ya moto usiokuwapo katika ukumbi aliokuwa akihubiri London. Watu saba walikufa katika mkanyagano. Huzuni kuu ilimrudia mara kwa mara maisha yake yote, naye hakuwaficha wanafunzi wa chuo chake cha wachungaji; aliwafundisha waitarajie. Simjui anayemwita Spurgeon mnyonge.

Mtasema hakuna fedha. Hoja hii naiheshimu kuliko zote zilizotangulia, kwa sababu ni ya kweli. Lakini kumwondoa mshauri kwenye kamati ya uteuzi hakugharimu kitu. Kufuta sehemu ya “hali ya kiroho” kwenye fomu ya mlezi hakugharimu kitu. Kwa mengine, vyuo viwili au vitatu vinaweza kuchangia mshauri mmoja, na makundi madogo ya kupitia taarifa za ziara yanahitaji chumba, msimamizi aliyeandaliwa, na utaratibu wa siri.

Ninachoomba

a) Anayetoa ushauri nasaha asifundishe, asisahihishe, na asikae kwenye kamati yoyote inayoamua hatima ya mwanachuo. Maoni yake yasiombwe, na akiyatoa bila kuombwa yasipokelewe.

b) Utaratibu wa siri uandikwe na kila mwanachuo apewe nakala siku ya kujiunga. Mipaka yake itajwe bila kuzunguka: hatari ya mtu kujidhuru, hatari kwa mtu mwingine, na mtoto anayedhulumiwa. Nje ya hapo, kinachosemwa kibaki kilipo.

c) Mshauri awe amesomea kazi hiyo, si mtu mwenye huruma tu. Na awe na njia ya kumpeleka mwanachuo kwa daktari. Sonona inayomfanya mtu atamani kufa haipaswi kuishia kwenye maombezi, na wala haipaswi kuishia kwenye ushauri.

d) Mafunzo ya vitendo yawe na vikundi vya kupitia ziara neno kwa neno, kila juma, vikiongozwa na msimamizi ambaye naye ana mtu wa kumsimamia. Mimi niko tayari kuwa wa kwanza kusimamiwa.

e) Mwanachuo aliyefiwa apewe muda halisi wa kuomboleza, na asipangiwe kuhubiri mpaka atakaposema mwenyewe kwamba yuko tayari.

f) Walimu nao wapewe huduma hii. Wanachuo huiga wanachokiona, na kwa miaka yote hii sijawahi kusikia mwalimu wa chuo akisema hadharani kwamba aliwahi kuhitaji msaada.

Ombi moja la mwisho linahusu kile ambacho hamtakiwi kukifanya, maana naogopa bidii yenu kama ninavyoogopa ukimya wenu. Msigeuze machozi kuwa mtihani mpya. Kumlazimisha mtu amwage ya moyoni mbele ya darasa ni jeuri, hata kama kunaitwa uponyaji. Wapo waliolelewa kusema machache, na wanahisi vilevile. Wapo ambao hawahitaji mshauri mwaka huu. Mlango uwe wazi, uwe salama, na mtu aupite kwa hiari yake.

Naomba jibu la maandishi kabla ya muhula mpya kufunguliwa, na nakala yake ibandikwe mahali wanachuo wanapoweza kuisoma. Kama Baraza litaona kuna jambo nimelieleza kinyume na lilivyo, niitwe. Nitakuja na taarifa za ziara nilizonazo, baada ya kufuta majina.

Wenu katika huduma,

Mchungaji msimamizi wa mafunzo ya vitendo